Nusukaputi kwa mtoto mchanga: dakika 54 si saa 6

Hofu kwamba nusukaputi, yaani dawa ya usingizi wa upasuaji, huharibu ubongo wa mtoto mchanga ilianzia kwa panya. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwapa panya wa siku 7 dawa tatu za usingizi, midazolamu, naitrasi oksaidi na isoflureni, kwa saa 6 mfululizo. Seli nyingi za ubongo zilikufa, na panya hao walipokua walichelewa kujifunza mahali kilipo kijukwaa kilichofichwa chini ya maji. Saa 6 kwa panya wa wiki moja ni muda mrefu mno wa ukuaji wa ubongo. Wanaosambaza habari hii mitandaoni hulisahau hilo.

Kwa binadamu, mimi huutegemea zaidi utafiti uitwao GAS, uliolinganisha nusukaputi na ganzi. Watoto wachanga 722 waliohitaji upasuaji wa ngiri ya kinena walipangwa kwa kura: wengine walipewa sevoflureni (gesi ya usingizi), wengine ganzi ya mgongoni wakiwa macho. Muda wa kati wa usingizi ulikuwa dakika 54. Walipofika miaka 5, wastani wa IQ (kipimo cha akili) ulikuwa 98.97 kwa waliopewa usingizi na 99.08 kwa wa ganzi.

Wasiwasi unabaki kwa wanaopewa usingizi mara kwa mara. Utafiti wa 2018 wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, haukuona tofauti ya IQ, ila waliopewa usingizi zaidi ya mara moja kabla ya miaka 3 walikuwa wazito kidogo katika kasi ya kufikiri na kazi ndogondogo za vidole. (Wengi wao walikuwa pia wagonjwa zaidi, kwa hiyo dawa peke yake ni vigumu kuilaumu.) Onyo la 2016 la FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, nalo linawahusu walio chini ya miaka 3, kwa usingizi unaozidi saa 3 au unaorudiwa. Dawa ya usingizi ya ketamini imo katika onyo hilo, ile ile inayotumika sana katika hospitali zetu za wilaya.

Ngiri ya mtoto mchanga usiiahirishe hadi afike miaka 3. Utumbo ukinasa na damu ikakatika, utarudi usiku kwa upasuaji wa dharura, mrefu kuliko ule ulioukimbia. Muulize mtaalamu wa usingizi: itachukua muda gani? Kama kuna tohara pia, zifanywe pamoja? Ganzi ya mgongoni itaongezwa ili gesi ipungue?

Halafu kufunga kula kabla ya upasuaji. Kwa kawaida maziwa ya mama hukoma saa 4 kabla, ya kopo saa 6, maji saa 2. Ukiambiwa tu "asile tangu usiku", omba saa kamili: kichanga aliyekaa na njaa mpaka saa tano asubuhi sukari yake inaweza kushuka, na ubongo wake unaitegemea sukari hiyo.