Dakika kumi za kusikiliza

Juzi nilizima ruta nikaiwasha upya. Mwanangu akaja kusimama mbele yake, simu mkononi. Jina la kwanza la mtandao likatokea. Lile la gigahezi 5, analolipenda yeye, likachelewa.

"Mama, mbona hili halitokei?"

Nikamwambia lisubiriwe, ruta inasikiliza kwanza kama kuna rada. Akachungulia dirishani, huku na huku.

"Lakini hapa hakuna rada."

Sikumjibu mara moja. Maneno hayo niliwahi kuyaandika mimi, kwa urefu zaidi na kwa takwimu, kwenye rasimu iliyokuwa inakwenda kwa mamlaka ya masafa ya redio.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili kwenye kazi ya viwango. Sikuwa na wale wanaoandika kiwango chenyewe cha waifai. Nilikuwa na wale wa chumba cha pembeni, wanaosoma matangazo ya mamlaka na kuandaa majibu. Wanaofuatilia IEEE 802, kamati inayoandika viwango vya mitandao, waifai ikiwamo, wanajua kuna kundi zima, la namba 18, kwa shughuli hiyo tu. Kiwango kinaeleza redio zizungumze vipi. Zizungumzie kwenye masafa yapi, na kwa nguvu kiasi gani, hilo ni la serikali. Huko hatuna kura, tuna barua. Na barua yenyewe haitoki hivi hivi: kundi liipitishe kwa asilimia 75 ya kura, kisha kamati ya juu iikague. Mamlaka ikitoa muda wa maoni ya wadau, siku za kuandika hasa hazifiki nusu yake. Kila mtu anapiga kura kama nafsi yake, si kama kampuni inayomlipa mshahara. Nilikuwa najivunia sana hilo, na bado najivunia.

Safari hiyo suala lilikuwa gigahezi 5. Mkutano wa dunia wa redio wa mwaka 2003, Geneva, uliipa mitandao isiyotumia waya megahezi 5150 hadi 5350 na 5470 hadi 5725, kwa sharti kwamba rada zilizokuwamo kwenye sehemu kubwa ya masafa hayo zisibughudhiwe. Ndiyo maana ruta husikiliza sekunde 60 kabla ya kufungua mdomo. Ikishasikia rada, iondoke kwenye chaneli, yaani kile kipande kidogo cha masafa inachotumia, ndani ya sekunde 10 na isirudi kwa dakika 30. Hayo niliyakubali. Kilichonikera ni kipande cha 5600 hadi 5650, kwenye rada za hali ya hewa, ambako kanuni za Ulaya zinadai kusikiliza dakika 10 nzima. Nani atavumilia dakika 10 bila mtandao? Nikaandika kwamba rada huzunguka, kwamba ndani ya dakika moja inaweza kumpitia mtu zaidi ya mara moja, na kwamba ruta isiyosikia kitu kwa muda huo ina haki ya kuamini hakuna kitu. Hesabu niliirudia mara tatu. Ilikuwa sahihi.

Mwenyekiti alikuwa amemwalika mama mmoja mtaalamu wa hali ya hewa. Kwetu ilikuwa nadra kumpata chumbani mtu tuliyekuwa tunaandika habari zake.

Hakuja na hotuba. Alitandaza picha moja ukutani: duara lenye mabaka ya kijani na njano, mvua ya siku fulani kama rada yake ilivyoiona. Kutoka katikati ya duara hadi ukingoni ulipita mstari mmoja, mwembamba mwanzoni, ukipanuka kadiri unavyokwenda mbali, umenyooka.

"Mvua hainyeshi kwa rula," alisema, akiufuata mstari kwa kidole. "Huku ndiko iliko redio ya mtu. Na ikiwa dhoruba iko humu ndani ya mstari, mimi siioni."

Kisha akauliza nani aliandika aya ya tatu. Nikainua mkono.

Akasogea hadi penye nafasi, akanyoosha mkono wa kulia sambamba na sakafu, akaanza kuzunguka taratibu, mwili mzima. Alipomaliza mzunguko akauinua mkono kidogo, akazunguka tena. Akauinua tena. Shati lilimpanda hadi kiwiko, saa ikang'aa kwenye taa ya projekta. Watu thelathini hivi tulikuwa tunamtazama, na hakuna aliyegusa kompyuta yake.

"Kila mzunguko napanda," alisema bila kusimama. "Napima mawingu ngazi kwa ngazi. Nikiwa huku juu, mwanangu, ruta yako iliyo chini hainisikii. Inahesabu sekunde zako 60, inaridhika, inaanza kuzungumza."

Mkono ulikuwa karibu kufika usawa wa dari. Ghafla akaushusha hadi pale ulipoanzia, akazunguka mara ya mwisho, na vidole vikakoma mbele ya kifua changu.

"Halafu mimi narudi chini. Inanichukua dakika kadhaa, lakini narudi."

Mkono haukutetemeka.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Niliomba mapumziko, nikaifuta ile sentensi, nikaweka nyingine iliyosema muda wa kusikiliza upimwe kwa jinsi rada inavyozunguka hasa. Mwenzangu mmoja alinishika bega akaniambia kwa upole kwamba kazi yetu si kuwasemea wenye rada, wao wana barua yao. Sijawahi kuona kosa katika maneno yake. Kura ilitosha, barua ikaenda.

Uamuzi ulipotoka, dakika 10 zilibaki. Jina la kundi letu lilikuwa kwenye orodha ya waliotuma maoni. Kuhusu aya ya tatu, hakuna neno.

Na hapo ndipo moyo wangu haujatulia hadi leo. Chaneli 120, 124 na 128 zinaangukia kwenye kipande hicho cha dakika 10, na ruta nyingi huziruka tu kuliko kungoja. Kwa hiyo zipo nyumba nyingi mno, mbali na rada yoyote, ambamo masafa hayo yamekaa bure huku majirani wakibanana kwenye chaneli nyingine. Je, tungemjua yule mama miezi 6 kabla, badala ya siku ya kura, tungeandika kitu ambacho mamlaka ingekishika? Kwenye gigahezi 6, ambako Marekani ilifungua megahezi 1200 mwaka 2020, redio zenye nguvu kubwa zaidi haziachiwi kusikiliza na kukisia. Zinauliza kwanza kwenye kanzidata inayojua viungo vya mawasiliano ya minara viko wapi. Niliposoma kanuni hizo nilimkumbuka yeye, amesimama mkono juu, mahali ambapo ruta haimsikii.

Jina la pili likatokea kwenye simu.

"Haikusikia kitu," mwanangu akasema. "Si nilikwambia hakuna?"

Nikasimama katikati ya sebule, nikanyoosha mkono wa kulia.