Siku moja na daftari la katibu wa afya, Tabora

Saa 12:15 asubuhi. Nimemaliza chai ya rangi na matobolwa, nimeweka daftari dogo mfukoni na kuelekea kazini. Mimi ni katibu wa afya katika hospitali moja mkoani Tabora. Madaktari wanatibu, wauguzi wanauguza, na mimi nina wajibu wa kuona kwamba fedha, watumishi, dawa, vifaa na muda vinamfikia mgonjwa bila kumwagika njiani. Kwa uzoefu wangu, hospitali hupoteza mali yake kidogo kidogo kama ndoo yenye tundu, na mchotaji huja kulitambua tundu akishafika nyumbani.

Saa 1:30. Katika taarifa ya usiku tunaelezwa kwamba mashine ya oksijeni ya wodi ya watoto ilidhoofu usiku wa manane, na muuguzi wa zamu akawahi kuibadilisha na ile ya akiba. Fundi sanifu wa vifaa tiba anaifungua mbele yetu: kichujio cha nje kimejaa vumbi jekundu la kiangazi hadi hewa haipiti. Kichujio hicho huoshwa kwa maji na sabuni kila wiki, kikakauka, kikarudishwa. Ni kazi ya dakika chache ambayo haikuwa na mwenyewe, kwa kuwa kila mmoja wetu aliamini ni ya mwenzake. Tunaiandika kwenye ratiba ya wodi kwa jina la cheo na siku ya wiki.

Saa 2:10. Kila Jumanne humchagua mgonjwa mmoja, nikamwomba ruhusa, nikafuatana naye tangu mapokezi hadi anapotoka getini. Leo ni bibi aliyembeba mjukuu wa miaka mitatu mwenye homa.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, baba. Mwangaluka.”

Namweleza ninachokifanya, naye ananijibu kwamba nikiwa na nguvu za kutembea basi twende. Mapokezi anaandikishwa upesi. Kisha anaelekezwa dirisha la malipo, na hapo tunasimama kwenye foleni kwa dakika 35. Bibi anafungua fundo la kanga, anazihesabu noti zake, analifunga tena. Anapofika dirishani, karani anatazama umri wa mtoto, anagonga muhuri wa msamaha na kumrudishia karatasi. Kwa mujibu wa sera ya afya ya nchi yetu, mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo, kama ilivyo kwa wajawazito na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kwa hiyo bibi huyu amesimama zaidi ya nusu saa, mtoto wa moto mgongoni, akisubiri kuambiwa kwamba hana cha kulipa. Tulipotoka kwa daktari kwenda maabara kwa kipimo cha malaria, alirudishwa dirisha lile lile kugongewa muhuri wa pili, na kabla ya kupewa dawa akagongewa wa tatu.

Tumetoka getini saa 5:05. Katika daftari langu, muda ambao mtoto alikuwa mikononi mwa mtu anayemhudumia, yaani daktari, mtu wa maabara na mtoa dawa, haufiki dakika 30. Niliona haya kumuaga bibi yule. Umri wa mtoto ulikuwa umeshaandikwa mapokezi. Muhuri ungeweza kugongwa pale pale, mara moja, ukatosha kwa safari yote. Na foleni ya malipo ingepungua kwa wale wanaolipa pia, kwa sababu watoto wadogo ni sehemu kubwa ya wagonjwa wetu wa kila siku.

Saa 5:20. Stoo ya dawa. Mfamasia na mimi tunahesabu dawa tano tulizozichagua bila mpangilio na kulinganisha na kadi ya bini, yaani kadi ya rafuni inayoandikwa kila kinachoingia na kutoka. Nne zinalingana. Ya tano, dawa ya maji ya watoto, inalingana kwa idadi, lakini nyuma ya rafu kuna maboksi sita yatakayoisha muda baada ya wiki saba, na mbele yake yamepangwa maboksi mapya yenye zaidi ya mwaka mzima. Mzigo ulipofika jioni, vijana waliupanga palipokuwa na nafasi. Kanuni tunaijua sote: inayowahi kuisha muda ndiyo itangulie kutoka. Dawa ikishaisha muda hospitali hulipa mara mbili, kwanza ilipoinunua, kisha inapoiteketeza, kwa kuwa haitupwi ovyo. Huorodheshwa, hutengwa na kuteketezwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Na huko zahanati, huenda mzazi ameandikiwa dawa hiyo hiyo akanunue dukani. Mfamasia anampigia mwenzake wa wilaya. Zahanati mbili zinaihitaji leo.

Mbinu ya kupanga mahali pa kazi tunayoifuata stoo, iitwayo 5S, ilitoka Japani na kuanza kutumika katika hospitali zetu mwaka 2007, ikianzia hospitali ya rufaa ya Mbeya. Kwa Kiswahili ina maneno matano: sasambua (ondoa kisichohitajika), seti (panga kila kitu mahali pake), safisha, sanifisha (weka utaratibu mmoja), shikilia (dumisha). Manne ya kwanza tuliyamudu kwa mwezi mmoja, tukapaka rafu rangi na kubandika lebo. Hilo la tano ndilo linalonirudisha hapa kila wiki.

Saa 8:00 mchana. Madai ya bima. Fomu kumi na moja hazina saini ya daktari, nazirudisha wodini leo leo, kwa maana zikitoka hivi tutakatwa fedha za huduma tuliyokwisha kuitoa.

Saa 9:30 alasiri. Mama anayeendesha tanuri la kuchomea taka ananionyesha ndoo nyeusi ya taka za kawaida kutoka wodi ya wanaume. Juu kuna maganda ya machungwa, chini kuna bomba la sindano. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni za kawaida, zisizo na hatari. Lakini sindano moja ikiingia, ndoo nzima huwa taka hatarishi na huteketezwa kwa mafuta ya dizeli tuliyoyanunua. Zaidi ya mafuta, kuna mikono ya mama huyu. Namfuata muuguzi msimamizi wa wodi, tunaenda pamoja na kukuta sanduku la sindano limejaa hadi mdomoni, ilhali lilipaswa kufungwa lilipofika robo tatu. Sanduku jipya lilikuwa stoo tangu wiki iliyopita, hakuna aliyeliomba.

Saa 11:15 jioni. Mganga mfawidhi amesoma kurasa zangu mbili kuhusu safari ya bibi, na ameniuliza swali moja tu: muhuri mwingine wa msamaha unapatikana wapi? Upo kwenye droo ya uhasibu. Nimeuchukua pamoja na kidau cha wino, nimeupeleka mapokezi na kumwachia karani wa zamu ya asubuhi maelezo kwa maandishi. Dereva wa gari la chanjo ataondoka kesho saa 1:00, na maboksi yale sita yameshawekwa karibu na mlango, kila moja likiwa na jina la zahanati linakokwenda.