Kumbukumbu ya mradi: kuipanga historia ya PAS, kutoka Tehran hadi Hamedan

Lengo la mradi ni kuwa na historia ya PAS, klabu ya soka ya Iran, kwa Kiswahili, msimu kwa msimu: ngazi ya ligi, nafasi, pointi, magoli, kocha. Anayeijua PAS ya miaka hii anaijua kama timu ya Hamedan, magharibi mwa Iran, inayosota madaraja ya chini. Anayefuatilia soka la zamani la Asia anaikumbuka kama timu ya polisi ya Tehran iliyotwaa ubingwa wa Iran mara 5 na ubingwa wa klabu za Asia mara moja. Ugumu wote wa kazi uko hapo katikati. Klabu ilihama mji, jina la ligi likahama ngazi, na kalenda ya nchi ikabadilishwa na kurudishwa ndani ya miaka michache. Ukimimina kila kitu kwenye jedwali moja, unapata tarakimu sahihi zilizokaa mahali pasipo pake.

Faili lilivyo sasa

Kuna majedwali matatu. La kwanza ni la misimu, safu moja kwa kila msimu. La pili ni la mechi. La tatu ni la watu, yaani wachezaji na makocha. Yote yanaunganishwa na msimbo mmoja: herufi ya mji (T au H), kisha mwaka wa Kiirani ambamo msimu ulianza. Kwa hiyo ubingwa wa 2003–04, chini ya kocha Majid Jalali, uko kwenye T1382. Msimu wa kwanza wa Hamedan, 2007–08, ni H1386.

Mataji ya ligi yameshaingizwa: 1976–77 na 1977–78 katika Kombe la Takht Jamshid, 1991–92 na 1992–93 katika Ligi ya Azadegan, na 2003–04 katika Ligi Kuu. Misimu hii ndiyo rahisi, kwa sababu bingwa huandikwa na kila mtu. Misimu ya nafasi ya 9 ndiyo inayomaliza muda.

Kalenda

Mwaka wa Kiirani huanza Nowruz, tarehe 20 au 21 Machi. Kanuni ni fupi: kuanzia Nowruz hadi 31 Desemba, ongeza 621, kuanzia 1 Januari hadi Nowruz inayofuata, ongeza 622. Msimu huanza kiangazi na kuisha wakati wa machipuko, kwa hiyo unagusa miaka miwili katika kalenda zote mbili, nao 1382–83 ni 2003–04 bila utata.

Utata uko kwenye mechi za baridi. Fainali ya klabu bingwa Asia, PAS 1–0 Al-Shabab ya Saudi Arabia mjini Manama, Bahrain, ilichezwa Januari 1993, mwezi wa Bahman 1371. Anayeongeza 621 bila kuangalia mwezi anaipeleka 1992. Mashindano yenyewe yalianza 1992, kwa hiyo kosa linaonekana kama jambo la kweli na halimshtui mtu. Dawa ni kutoandika mwaka peke yake kwenye jedwali la mechi: mwezi wa Kiirani uwe na seli yake, na fomula ichague 621 au 622 kwa kuusoma. Mwezi unaosumbua ni Dey, ambao huanza karibu 22 Desemba; humo lazima uitazame na tarehe.

Halafu kuna mtego ambao wengi huuona mara ya kwanza na kudhani gazeti limekosea chapa. Machi 1976 serikali ya Shah iliacha kuhesabu miaka tangu Hijra na kuanza kuhesabu tangu Koreshi, mfalme wa kale wa Uajemi, na 1355 ikawa 2535. Mwaka 1978 uamuzi huo ulifutwa katikati ya mwaka. Ubingwa wa kwanza na wa pili wa PAS umeangukia humo humo, kwa hiyo magazeti ya michezo ya enzi hizo yana 2535, 2536 na mwanzo wa 2537. Toa 1180 upate mwaka wa kawaida wa Kiirani, kisha endelea na kanuni ya juu. Kwa mkato, toa 559, au 558 kwa miezi ya Januari hadi Nowruz. Msimu wa 1978–79, ambao mapinduzi yaliukata njiani, unakutana na namna zote mbili za tarehe. Usipange rekodi zake kwa kufuata namba ya mwaka kama ilivyochapwa, maana 1357 itakaa juu ya 2537 ilhali ndiyo inayoifuata.

Azadegan mbili

Hapa ndipo orodha nyingi zilizonakiliwa ovyo zinapoanguka. Kuanzia 1991–92 hadi 2000–01, Ligi ya Azadegan ilikuwa ngazi ya juu kabisa Iran. Ligi Kuu ya sasa ilipoanza 2001, jina Azadegan halikufutwa, liliteremshwa kwenye ngazi ya pili. PAS ya Tehran ilikuwa bingwa wa Azadegan. PAS ya Hamedan imeshiriki Azadegan. Neno ni lile lile, tofauti yake ni daraja zima.

Ndiyo maana kila safu ina seli mbili, jina la ligi kama lilivyoitwa wakati huo, na ngazi kwa namba. T1371: Azadegan, 1, bingwa. H1390: Azadegan, 2. Michoro na hesabu zote husoma namba ya ngazi, kamwe si jina.

Miaka ya 1980 haina ligi ya taifa ya kujaza. Soka lilirudi kwenye ligi za mikoa, na PAS ikacheza Tehran. Ligi ya Qods ya 1989–90 ilikuwa ya msimu mmoja tu. Safu hizo zinabaki, ngazi ikiandikwa M kwa maana ya mkoa. Kuweka 1 kwa sababu hakukuwa na ligi ya juu zaidi kunaongeza misimu ambayo timu haikuicheza na wapinzani wa nchi nzima.

Tehran na Hamedan

Juni 2007 PAS ya Tehran ilivunjwa, na nafasi yake ya Ligi Kuu ikapelekwa Hamedan, zaidi ya kilomita 300 kusini-magharibi. Jina lilibaki, mji na wenye timu wakabadilika. Kuhamisha nafasi namna hii si ajabu Iran. Saba Battery nayo ilitoka Tehran ikaenda Qom. (PAS ilikuwa na uwanja wake mtaa wa Ekbatan, magharibi mwa Tehran, mtaa uliopewa jina la Ecbatana, ambayo ndiyo Hamedan ya kale. Mtu angetunga hadithi asingethubutu.)

Swali la mpangaji ni kama mataji 5 yaandikwe kwa Hamedan. Uamuzi wetu ni hapana. Kilichohamishwa ni haki ya kushiriki msimu wa 2007–08, na haki ya kushiriki haibebi makombe. Herufi T na H zinatenganisha hesabu, na anayetaka kuziunganisha anaweza kufuta kichujio kwa mbofyo mmoja. Upande wa pili haurekebishiki kirahisi: ukishachanganya, kutenganisha tena kunataka kurudi kwenye kila mechi.

Hamedan ilidumu Ligi Kuu misimu minne, 2007–08 hadi 2010–11, kisha ikashuka na haijarudi.

Majina na maandishi

Kutafuta kwenye magazeti kwa neno پاس pekee ni kujitakia balaa, kwa kuwa Waajemi huita hivyo pia pasi ya mpira, na ripoti yoyote ya mechi itajitokeza. Tafuta پاس تهران au پاس همدان, au uunganishe na jina la mpinzani.

Anayesoma khati ya Kiarabu, hasa aliyezoea maandishi ya zamani ya Kiswahili, hatapata shida na herufi. Shida ni ya kompyuta. Yaa na kaf za Kiajemi (ی, ک) zina msimbo tofauti na za Kiarabu (ي, ك), na waandishi wengine huchanganya. Jina moja linageuka watu wawili. Badilisha zote ziwe za Kiajemi kabla ya kupanga, pamoja na tarakimu, maana ۴ ۵ ۶ si sawa na ٤ ٥ ٦.

Kwa herufi za Kirumi, Javad Nekounam, aliyekuwa PAS kabla ya kuelekea Ghuba na kisha Osasuna ya Hispania, anaandikwa pia Nekunam na Nekonam. Ufunguo wa jedwali la watu kwa hiyo ni jina la Kiajemi. La Kirumi ni la kuonyesha tu.

Matokeo yasiwekwe kama 2-1 ndani ya seli moja. Excel huyafanya tarehe, na ukibandika kutoka ukurasa unaosomwa kulia kwenda kushoto hujui tena goli 2 ni za nani. Weka magoli ya nyumbani seli yake, ya ugenini seli yake.

Ukaguzi

Kila jedwali la ligi hupitishwa kwenye majaribio manne kabla ya kukubaliwa: jumla ya ushindi ilingane na ya vipigo, jumla ya sare igawanyike kwa mbili, magoli ya kufunga yalingane na ya kufungwa, na pointi zikubali ama ushindi×2 + sare au ushindi×3 + sare. Timu moja ikikataa jaribio la nne huku nyingine zikikubali, tafuta adhabu ya kukatwa pointi kabla ya kusahihisha chochote.

Zinazofuata ni safu za baada ya 2011, na zina mambo yake. Azadegan ya wakati huo ilichezwa kwa makundi mawili, hivyo nafasi ya 5 inaandikwa pamoja na kundi, A5 au B5. Kuna pia mechi za mezani, zilizoamuliwa na uongozi wa ligi badala ya uwanjani: timu isipotokea hupewa 0–3. Kwa hizo kuna seli ya ziada ya matokeo ya uwanjani, kama mpira ulichezwa. Magoli ya mezani huingia kwenye jedwali la ligi lakini hayaingii kwenye hesabu ya mfungaji yeyote, kwa hiyo jumla ya wafungaji ikipungua kwa 3 kamili, anzia hapo.