Tafakari ya juma: Kilele walichokiacha

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Tarehe 22 mwezi huu wa Oktoba tunamkumbuka Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, na mimi kila nikimkumbuka hunijia habari ya jiwe. Siku aliyochaguliwa kuwa Papa, 16 Oktoba 1978, mwanamke wa kwao Poland, Wanda Rutkiewicz, alifika juu kabisa ya Everest, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Ulaya. Mwaka uliofuata walikutana, Wanda akamkabidhi jiwe alilolitoa kule kileleni. Papa akamwambia kwamba Mungu mwema ndiye aliyetaka wao wawili wapande juu hivyo siku moja.

Papa alikuwa akitania, lakini kwa Wapolandi milima haina utani. Nao walichelewa kufika, na wahenga walishasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kufikia 1964 milima yote 14 inayozidi mita 8,000 ilikuwa imeshapandwa na mataifa mengine, wakati wao pasipoti ilikuwa ya kuibembeleza serikali na fedha za kigeni hazishikiki. Ndipo Andrzej Zawada, kiongozi wa misafara yao ya milimani, akaona kuna kitu kimoja kimebaki ambacho wenzao hawakukitaka: kuipanda milima ile ile katikati ya majira ya baridi. Tarehe 17 Februari 1980 watu wake wawili, Krzysztof Wielicki na Leszek Cichy, wakafika juu ya Everest. Kabla mwaka 1988 haujaisha, Wapolandi walikuwa wameshapanda vilele saba vya namna hiyo wakati wa baridi, na hakuna taifa jingine lililokuwa na hata kimoja.

Na fedha? Walizitoa kwenye mabomba ya moshi ya viwanda. Wapandaji wengi, Jerzy Kukuczka wa Katowice akiwemo, walikuwa wakining'inia kwa kamba kwenye mabomba yale marefu, brashi mkononi, wakipaka rangi. Kiwanda kilipata rangi bila kujenga jukwaa, wao wakapata nauli ya Himalaya. Mtu wa hivyo hujifunza mapema kwamba uhai wake umefungwa kwenye kamba, na kamba imefungwa kwa mwenzake.

Ndiyo maana juma hili nimechagua Mhubiri 4:10: "Kwa maana wakianguka, mmoja wao atamwinua mwenzake, lakini ole wake aliye peke yake aangukapo, wala hana mwingine wa kumwinua!" Tunausoma sana mstari huu kwenye harusi. Mimi nausoma pamoja na usiku mmoja wa Januari 2018.

Mwaka huo Wapolandi walikuwa K2, mlima wa mwisho kati ya ile 14 uliokuwa haujapandwa wakati wa baridi. Kiongozi alikuwa Wielicki yule yule wa 1980, sasa mzee. Wakapata habari kwamba kwenye mlima mwingine wa Pakistani, Nanga Parbat, Mpolandi mwenzao Tomasz Mackiewicz na Mfaransa Élisabeth Revol wamefika kileleni na sasa wamekwama. Tomasz macho yalikuwa hayaoni tena na hawezi kutembea. Élisabeth alimwacha ndani ya ufa wa barafu, mita zaidi ya 7,000, akashuka kwa matumaini kwamba helikopta zitamfuata.

Helikopta zilitaka kwanza kuhakikishiwa malipo. Watu wakachanga, wengi wao hawajawahi hata kuuona mlima wa theluji. Wanne wakaacha K2: Adam Bielecki, Denis Urubko, Jarosław Botor na Piotr Tomala. Jioni ya tarehe 27 wakashushwa chini ya ukuta wa Nanga Parbat. Botor na Tomala wakabaki kuandaa mapokezi. Bielecki na Urubko wakaanza kupanda gizani, mita zipatazo 1,200 kwa saa kama nane.

Huko juu Élisabeth alikuwa amekaa bila hema. Baadaye alisimulia kwamba alianza kuona watu wasiokuwepo wakimletea chai ya moto, na mmoja akamwomba kiatu kama malipo. Akavua. Mguu ukakaa wazi kwenye baridi ile kwa masaa. Kisha, usiku wa manane, zikatokea taa mbili, na hizi zilikuwa za kweli. Walimpa kinywaji, wakamweka katikati yao, wakangoja kupambazuke.

Hawakwenda kwa Tomasz. Hali ya hewa ilikuwa inaharibika, Élisabeth hawezi kushuka peke yake, na wao walikuwa wawili tu. Hapa ndipo ninaposhindwa kuhubiri. Mchungaji wa Luka 15 anawaacha tisini na tisa nyikani na kurudi na mmoja begani. Hawa walirudi na mmoja huku wakijua wa pili yuko wapi. Sitaki kumfungia mtu jambo hili kwa "mapenzi ya Mungu" ya haraka haraka. Nadhani ni halali kumwambia Mungu kwamba linauma.

Tena wasidhaniwe kuwa malaika. Mwezi uliofuata, walipokuwa wamerudi K2, Urubko alikwenda zake juu peke yake bila ruhusa ya kiongozi, akashindwa, akaondoka kambini kwa ugomvi. Mtu yule yule! Kilele hawakukipata, kilikuja kupandwa 16 Januari 2021 na Wanepali kumi, waliosubiriana mita chache chini ya kilele ili wafike pamoja.

Tarehe 24 Oktoba itatimia tena kumbukumbu ya Kukuczka. Mwaka 1989, kwenye ukuta wa kusini wa mlima Lhotse, alianguka akiwa amefungwa kwenye kamba nyembamba iliyonunuliwa sokoni Kathmandu, ikakatika. Tukisali rozari juma hili, fungu moja tuwape yeye, Wanda aliyepotea kwenye mlima Kangchenjunga mwaka 1992, na Tomasz, ambaye bado yuko kule juu.