Deni lilikuwa langu, namba za watu hazikuwa zangu

Mi nauza vitenge na madera hapa soko la Majengo, Dodoma, mwaka wa sita sasa. Mwezi wa tisa 2024 nilikwama, mzigo umefika stendi natakiwa laki moja niutoe, kikundi chetu cha hisa hakikopeshi mpaka kikao cha mwisho wa mwezi, nikaona tangazo kwenye simu mkopo dakika tano bila dhamana, nikapakua ile aplikesheni nikiwa nimesimama kwenye kizimba changu cha biashara na mteja ananiuliza bei. Ikaomba isome majina yaliyomo kwenye simu, nikabonyeza ruhusu. Meseji, ruhusu. Picha, ruhusu. Yani sikusoma hata mstari mmoja, macho yalikuwa kwenye ile laki tu.

Laki yenyewe haikuja. Iliingia 68,000, nyingine wamekata wenyewe wanaita ada ya huduma, na natakiwa kurudisha 104,000 ndani ya siku saba. Siku ya saba nikalipa 40,000 nikaomba muda, siku ya kumi na nne nikalipa 40,000 tena. Hapo 80,000 ishaenda, zaidi ya hela niliyopokea mkononi, na kwenye simu bado inasoma nadaiwa 97,000.

Afu zikaanza meseji. Sio kwangu, kwangu nilishazoea. Ya kwanza ilienda kwa shemeji yangu Kondoa, ya pili kwa mwalimu wa darasa wa mwanangu, ikafuata ya mwenyekiti wa kikundi na mama mmoja wa Mpwapwa anayechukua mzigo kwangu kwa jumla. Jina langu kamili limo, kwamba nimemuweka yeye kuwa mdhamini wangu, kwamba mimi ni mkopaji sugu, anishauri nilipe la sivyo hatua zitachukuliwa. Shemeji alinipigia anauliza, "Shemeji, mimi nimekudhamini lini?" Nikakosa la kusema. Mwalimu hakuniuliza chochote ila nilipoenda kumchukua mtoto nilishindwa kumwangalia usoni, na yule mama wa Mpwapwa akaacha kupiga simu kabisa. Siku mbili sikufungua kizimba. Mtu ambaye hajapitia hiki kitu anaweza kuona ni meseji tu, lakini biashara yetu sisi ni kuaminika, nikikwambia njoo chukua mzigo utalipa Ijumaa ni kwa sababu nakujua na wewe unanijua, hicho ndicho walichokuwa wanakichoma.

Novemba mwaka huo huo ndo ikatoka habari, Benki Kuu imetaja majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni wala kibali na hazifuati mwongozo wa mwaka 2024 wa wakopeshaji wa kidijitali. Redio ya jirani ilikuwa inasoma na sokoni kila mtu anashangilia, haya jamani madeni yamefutwa, mikopo ya kausha damu kwisha. Mi sikushangilia. Nilitaka kujua vitu vitatu tu, na yangu imo? deni limefutika kweli? na walikuwa na haki gani ya kuwaandikia watu wangu?

Usiku nikatafuta tangazo lenyewe la Benki Kuu, sio la kusimuliwa, nikapita jina moja moja kwa kidole. Ilikuwemo.

Nilichofanya usiku ule ule ni kupiga skrinshoti za kila kitu kabla hawajafuta, ile hela iliyoingia, malipo yangu mawili, salio wanalodai, meseji zote, na nikawaomba shemeji na mwenyekiti wanirushie za kwao zikiwa na tarehe na namba iliyotuma. Nikaandika kwenye daftari la mauzo ukurasa wa nyuma, tarehe, kiasi, nani kaandikiwa. Nawaambia ukweli hilo daftari ndo lilinibeba, maana kila nilipoenda kuongea na mtu sikuanza kulia, nilianza kusoma. Kisha nikazima zile ruhusa kwenye setingi na nikawaandikia wenye mkopo kwa maandishi, hela niliyopokea ni hii, niliyolipa ni hii, nipeni mchanganuo wa hiyo 97,000 na acheni kuwatumia watu meseji, futeni majina yao. Hawakujibu. Ila ile meseji yangu ilikuja kuwa na kazi, inaonyesha nilianza kwao kabla ya kwenda mbele.

Januari 2025 kulikuwa na Wiki ya Sheria, mabanda yako pale Nyerere Square, nikafunga kizimba saa nane nikaenda na daftari langu. Nikakutana na kijana mwanasheria mpole sana, akaniamkia shikamoo mama, akalisoma lote bila kunikatisha. Jambo la kwanza aliloniambia sikulipenda, alisema mama hela uliyoipokea ni hela, usijifiche nyuma ya tangazo ukasema leseni hawana basi silipi, na wanaokwambia deni limefutwa sokoni wanakupoteza, cha kubishania ni hizo riba na makato. Akanieleza kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na chini yake wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, Benki Kuu imewawekea kikomo cha riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Tukapiga hesabu pale pale kwenye daftari. Kwa 68,000 mwezi mzima riba ni 2,380. Mimi nilitakiwa niongeze 36,000 kwa wiki moja! Nilikaa kimya nikaiangalia ile namba.

La meseji ndo lilinifungua macho zaidi. Akasema kwanza mtu hawi mdhamini bila yeye mwenyewe kukubali, kuwepo kwenye simu yangu sio kukubali, kwa hiyo shemeji hadaiwi hata senti. Pili kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo, taarifa ya mtu inatakiwa ikusanywe kwa lengo linalojulikana na isitumike kwa kingine. Nikamwambia lakini mwanangu mi nilibonyeza ruhusu. Akaniuliza, "Na shemeji yako alibonyeza wapi?"

Hapo nikaelewa. Kumbe miezi yote nilikuwa nalia kuhusu aibu yangu mimi wakati waliochukuliwa kitu bila kuulizwa ni wao, na mi ndo niliyefungua mlango. Akaongeza kuwa kumtumia mtu meseji kwa nia ya kumtisha au kumsumbua ni kosa kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, faini yake haipungui milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Na hata Katiba ibara ya 16 inataja heshima ya maisha binafsi ya mtu. Vyote hivyo vilikuwepo siku zote mi nazunguka na vitenge tu.

Nikapeleka malalamiko Benki Kuu kuhusu riba na kwenye ile tume kuhusu majina, viambatanisho ni zile zile skrinshoti, barua ukurasa mmoja, nani, lini, kiasi gani, nataka nini. Shemeji naye aliandika ya kwake toka Kondoa kwa sababu namba ni yake. Kufika Februari meseji zikakata. Siwezi kusema ni barua yangu au ni lile tangazo, na 97,000 sijalipa na hakuna aliyenionyesha imetoka wapi. Mwalimu nilimfuata mwenyewe ofisini nikamueleza toka mwanzo, mama wa Mpwapwa nikapanda gari nikaenda, kwa simu nisingeweza. Alinisikiliza, akachukua madera kumi, akalipa taslimu yote. Zamani alikuwa analipa nusu. Bado hajarudi kuwa kama zamani na simlaumu.

Sa hivi habari nasikiliza tofauti, EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, wakitoa bei kikomo ya mafuta ile Jumatano ya kwanza ya mwezi naangalia mstari wa Dodoma kabla dereva hajanipandishia nauli ya mzigo kwa kisingizio cha mafuta.

Jumamosi iliyopita kwenye kikao mwenyekiti alinipa nafasi, nikasoma ile orodha ya 69 kwa sauti taratibu. Wanawake wanne walinyoosha mkono. Tukaacha kuhesabu hisa kwanza, tukakaa kwenye mkeka na simu zao tukafungua setingi, tunazima ruhusa ya majina moja baada ya nyingine, na mwenyekiti anaandika kwenye daftari nani amekopa kiasi gani na amepokea kiasi gani mkononi.