Sabuni ya povu kidogo kwa mashine ya mlango wa mbele: ninavyoichagua na ninavyoipima

Mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele haifui kwa povu. Inafua kwa kuziangusha nguo. Pipa linazunguka taratibu, mapezi yaliyo ndani yake yanazinyanyua nguo hadi karibu na juu, kisha zinaanguka kwenye maji machache yaliyo chini. Kule kudunda ndiko kunakosukuma maji ya sabuni yapenye kwenye kitambaa na kuutoa uchafu. Povu likijaa, nguo zinaangukia kwenye kitu kama godoro: hazidundi, zinateleza tu. Ndiyo maana kioo kinaweza kujaa povu jeupe la kupendeza na bado kola zikatoka na weusi wake.

Maji nayo ni machache kuliko watu wanavyodhani. Mashine ya kilo 7 hutumia takriban lita 40 hadi 60 kwa mzunguko mzima, na hatua ya kufua yenyewe huchukua sehemu ndogo tu ya hizo. Mkono uliozoea kupimia beseni humimina sabuni ambayo hapa inakuwa nzito mara kadhaa.

Nikishika pakiti, kwanza natafuta mchoro wa mashine yenye mlango wa mviringo mbele, au maandishi "Front Load". Alama ya "HE", inayoonekana zaidi kwenye sabuni za Marekani na Kanada, ina maana hiyohiyo ya sabuni ya povu kidogo kwa mashine zinazotumia maji machache. Neno "Automatic" au "Matic" peke yake halinitoshi, kwa sababu sabuni ya jina moja inaweza kuwa na aina mbili, moja ya mlango wa juu na nyingine ya mlango wa mbele, pakiti zikatofautiana kwa mstari mmoja mdogo. Ile iliyoandikwa kuwa inafaa kwa mkono na kwa mashine naiacha. Anayefua kwa mkono anataka kuona povu, na mtengenezaji analijua hilo.

Viambato vinasaidia, ila visome kwa makini. Visafishaji kama LAS na SLES (majina mafupi ya kemikali za kusafishia) vinatoa povu jingi, lakini kuviona kwenye orodha si sababu ya kuirudisha pakiti, kwani vimo hata kwenye sabuni nzuri za mashine. Tofauti iko kwenye vile vinavyoambatana navyo: visafishaji vya aina ya nonioniki, yaani visivyo na chaji ya umeme, ambavyo povu lake ni dogo, na kizuia povu, kwa kawaida silikoni au sabuni halisi ya mafuta, kwa kiasi kidogo. Naangalia pia vimeng'enya, maana ndivyo vinavyoshughulikia madoa ya jasho, damu na chakula kwenye maji ya nyuzi 30 au 40. Kwa sufu na hariri nanunua sabuni isiyo na kimeng'enya cha protini, kwa kuwa vitambaa hivyo vyenyewe ni protini. Sabuni ya mche iliyokunwa siiweki kabisa: kwenye maji laini inafurika povu, na kwenye maji magumu, yaani yenye madini mengi, inageuka utando mweupe unaonata kwenye pipa na kwenye mpira wa mlango. Sabuni ya vyombo usiiweke hata kijiko kimoja.

Lebo ikiniacha na shaka, naipima sabuni kwenye chupa. Nachukua chupa angavu ya lita moja na nusu, natia nusu lita ya maji ya uvuguvugu kutoka bomba lilelile linalolisha mashine, kisha mililita 1 ya sabuni ya maji kwa bomba la sindano ya dawa, au nusu kijiko cha chai cha sabuni ya unga kilichosawazishwa. Nafunga, natikisa mara 20, nasubiri dakika 5. Chupa ya pili iliyofanyiwa hivyohivyo kwa sabuni ya kufulia kwa mkono inakaa pembeni kwa kulinganisha. Sabuni inayofaa hutoa povu jepesi linaloshuka mapema na kubaki pete nyembamba ukingoni. Ile ambayo povu lake baada ya dakika 5 bado limesimama imara karibu sawa na la sabuni ya mkono, haiingii kwenye mashine yangu hata kama pakiti inadai vingine. Usitumie maji ya chupa ya dukani kwa jaribio hili, kwa sababu ugumu wa maji hubadilisha povu kabisa.

Na hapo ndipo kipimo kinapoingia, maana sabuni nzuri ikizidishwa inafurika vilevile. Kwa nusu pipa la nguo za uchafu wa kawaida na maji laini, yaani chini ya miligramu 60 za kalisiamu kaboneti kwa lita, naanza na mililita 30 za sabuni ya maji, sawa na vijiko viwili vya chakula, au gramu 40 za unga. Ikiwa sabuni ni ile nzito iliyokolezwa, naanza na nusu ya hapo. Maji ya mvua ni laini, kwa hiyo kipimo kinapungua. Ya kisima kirefu mara nyingi ni magumu, na juu ya miligramu 180 naongeza hadi kiwango cha juu cha pakiti. Kupunguza kupita kiasi nako ni kosa: nguo nyeupe zinafifia na kuwa kijivu, taulo zinakakamaa, na mafuta ya mwili yanabaki kwenye kitambaa. Mizani yangu ni kioo. Katikati ya kufua nataka kuona povu chini hadi theluthi moja ya kioo. Likifika nusu, mara ijayo natoa robo ya kipimo.

Unga unaingia kwenye chumba cha II cha trei ya sabuni, kile cha kufua. Sabuni ya maji inahitaji kile kizuizi cha plastiki kilichomo kwenye chumba hicho kishushwe, la sivyo inatiririka ndani kabla maji hayajaja. Vidonge vya sabuni vinawekwa ndani ya pipa kabla ya nguo, ila mimi sivipendi kwa mizigo midogo, kwa sababu huwezi kukata kimoja katikati.

Povu likishafurika, pampu inavuta hewa badala ya maji, mashine inakataa kukamua, na nyingine huonyesha "Sud" na kurefusha muda kwa kusuuza tena na tena. Sitisha mzunguko, usiongeze joto, uache saa moja povu lishuke. Kisha mimina kijiko kimoja cha chakula cha kilainishi cha nguo kwenye trei na uanzishe kusuuza kwa maji baridi bila kukamua. Kilainishi kina chaji chanya, visafishaji vya povu vina chaji hasi. Vikikutana vinashikana na povu linavunjika. Rudia kusuuza hadi kioo kiwe safi ndipo ukamue. Mlango usifunguliwe maji yakiwa juu ya ukingo wake.

Sabuni iliyozidishwa kwa miezi haitoki siku hiyo moja. Inajificha ndani ya taulo na nyuma ya pipa, na huko ndiko harufu ya uvundo na madoa meusi ya ukungu kwenye mpira yanakoanzia. Ili kujua kama imo, nafua taulo nne safi kwa nyuzi 40 bila sabuni yoyote. Povu likionekana ndani ya dakika 10, ni la zamani, na mzunguko huo naurudia hadi maji yabaki wazi. Halafu nazungusha pipa tupu kwa nyuzi 60 au zaidi na gramu 50 za unga wa mashine wenye dawa ya kung'arisha ya oksijeni, nafungua chujio la pampu chini mbele, sahani bapa ikiwa tayari kupokea maji, nasafisha utelezi uliomo, napangusa mikunjo ya mpira kwa kitambaa kikavu, na naacha mlango pamoja na trei wazi hadi ndani pakauke.