Jumapili Bila Fimbo

Jumatatu asubuhi, St Andrews. Mabega yananiuma na mkoba wa fimbo za gofu uko mlangoni, umefungwa tayari kwa safari. Niandike ya jana kabla hayajachuja.

Tulifika Jumatano, mimi na shemeji yangu anayeishi Aberdeen. Mpango wote ulikuwa wake. Mji huu mdogo wa Scotland una viwanja saba vya gofu chini ya usimamizi mmoja. Sita vimebanana pale karibu na bahari, hata mpira wako unaweza kuondoka kiwanja kimoja ukalala kingine (wangu umelala ugenini mara mbili). Cha saba, Castle, kiko juu ya majabali nje ya mji, na kilifunguliwa 2008. Kuna kimoja kinaitwa New, yaani kipya, ila upya wake ni wa 1895.

Lakini kila mgeni hapa roho yake iko Old Course. Ada yake msimu huu wa joto imepita pauni 300, na hata ukiwa nazo mkononi hupati nafasi hivi hivi. Nafasi nyingi hutolewa kwa kura: mnapeleka majina kabla ya saa nane mchana, siku mbili kabla ya siku mnayotaka, kisha mnasubiri. Shemeji alianza kutuma majina yetu tangu tukiwa kwake. Tukakosa Alhamisi. Tukakosa Ijumaa. Kura ya Jumamosi alitia udhu kabla ya kufungua simu, tukakosa vilevile.

Basi tukacheza kwingine. Alhamisi Eden, Ijumaa New, Jumamosi Castle. Nyumbani Mombasa niliacha kusi ikivuma, nikadhani upepo naujua. Wa Castle ulinivua kofia, ukaurudisha mpira nyuma yangu, ukaniachia mikwaju 119 kwenye kadi. Shemeji hakucheka mbele yangu. Alikwenda kuchekea kwenye gari. Cha kushukuru ni kwamba jua la Juni huku halizami mpaka karibu saa nne usiku, kwa hiyo mtu ana muda wa kutosha kuutafuta mpira wake kwenye vichaka vya miiba.

Jumapili Old Course haichezwi. Nilijua hivyo kabla ya kuja, ila kujua na kuona ni mambo mawili. Nilipofika asubuhi nikakuta uwanja maarufu kuliko yote duniani umejaa mbwa. Kina mama na vigari vya watoto, wazee na bakora zao, kijana anakimbia na spika masikioni. Hakuna geti wala askari wa kukuuliza unakwenda kwa nani. Kuna hata barabara inayokatiza njia ya shimo la kwanza na la 18, na siku za mchezo wachezaji husimama kumpisha anayevuka. Ardhi hii ni ya mji. Hati ya askofu mkuu ya 1552 ilishatambua haki ya wenyeji kuitumia, pamoja na kucheza gofu.

Nilisimama pale nikamkumbuka baba. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa kedi kwenye klabu moja ya pwani, akibeba mikoba ya watu. Alikuwa na mlango wake wa nyuma na benchi lake chini ya mwembe, na mimi nilikuwa na ua wa michongoma wa kuchungulia. Alinifundisha gofu kwa kijiti cha mwarobaini na embe changa, kwenye mchanga nyuma ya nyumba. Siku yao makedi ya kucheza ilikuwa Jumatatu, wanachama wakiwa kazini na uwanja umefungwa.

Nikampigia kwa video.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona husikiki? Upepo?"

"Upepo. Niko Old Course, baba."

Akanyamaza. Halafu akaanza kuniamrisha: geuza simu huku, geuza kule, polepole bwana, unanitia kizunguzungu. Nikamwonyesha daraja la Swilcan, ambalo inasemekana lina miaka zaidi ya 700 na lilijengwa kuvushia mifugo. Lilikuwa na foleni ya watu wanaotaka kupigwa picha. Nikamweleza kwamba mabanka, yale mashimo ya mchanga, yako 112, na moja linaitwa Jehanamu. Akacheka. Nikamweleza kwamba grini saba, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, kila moja inahudumia mashimo mawili, na ukijumlisha namba zake unapata 18 daima.

"Basi la saba liko na la 11," akasema papo hapo. "La tano na la 13." Hakumaliza darasa la nne, baba yangu, lakini hesabu za uwanjani hazimpigi chenga.

"Na hao wenye mbwa ni wanachama?"

"Hapana. Ni watu wa mji. Jumapili hapachezwi, wanatembea tu."

"Kumbe," akasema. "Jumapili yao ndiyo Jumatatu yetu."

Sikuwa na jibu la kumpa. Jumatatu yake ilikuwa na mwisho: saa 12 jioni fimbo za kuazima zinarudishwa, kesho yake mlango wa nyuma tena. Sikulisema hilo. Analijua kuliko mimi.

Tukamalizia shimo la 18. Mbele ya grini pana bonde dogo, wenyewe wanaliita Bonde la Dhambi. Mpira ukipungukiwa nguvu hurudi humo wenyewe. Baba akaniambia nishuke ndani, nichutame, nimwekee simu usawa wa nyasi. Nikachutama. Mbwa mmoja akaja kunusa kiatu changu, mwenyewe akaniomba radhi. Baba alitazama ule mwinuko kwa muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

"Hapo usiuinue mpira," akasema. "Usukume tu, upande wenyewe. Lenga kulia kidogo."

"Baba, leo sina fimbo. Pamefungwa."

"Najua. Mimi nakwambia tu. Kulia kidogo."